Brokoli ni Kama Dagaa

Kwa miaka 18 nilianika dagaa pale Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria. Nilianza kwa kuwatandaza mchangani kama kila mtu, baadaye nikahamia kwenye vichanja vya wavu, na katika kazi ile nilijifunza jambo moja kwa hasara nyingi: dagaa akishatoka majini, saa imeanza kuhesabu. Mitumbwi inaingia alfajiri, taa za wavuvi bado zina joto, na kufika saa tatu asubuhi dagaa wako lazima wawe wameshapata jua. Ukichelewa, au wingu la masika likakukuta, unabaki na mzigo wa kuwauzia watengeneza chakula cha kuku.

Mgongo uliponikatalia nikaacha biashara ile, nikageukia bustani nyuma ya nyumba. Sikudhani kama saa ile ingenifuata huko. Mwaka wangu wa pili wa kulima brokoli nilikata vichwa 112 ndani ya siku tisa, na zaidi ya nusu viliharibika, vingine nikawapa mbuzi wa jirani. Naandika haya kwa ajili ya yeyote wa kandokando ya ziwa anayetaka kuijaribu mboga hii, maana maelezo mengi ninayokutana nayo yanaishia pale inapovunwa, na kwangu mimi kazi yenyewe ilianzia hapo.

Aliyeniingiza ni binti yangu wa pili, ambaye anapika kwenye hoteli moja mjini. Alikuwa akilalamika kwamba brokoli wanayoletewa inasafiri kwa basi kutoka Arusha, na ikifika imeshaanza kuwa ya njano. Siku moja akaja na pakiti ya mbegu, imeandikwa Calabrese. "Mama, una maji, una samadi, una muda. Jaribu hii." Nikamwuliza inafananaje ikiwa shambani. Akaniambia nifikirie koliflawa ya kijani. Baadaye nikajua kwamba zote ni ndugu wa tumbo moja: brokoli, koliflawa, kabichi na sukuma wiki ni mmea wa aina ile ile, isipokuwa watu waliuchagua kwa karne nyingi, hawa wakitaka majani, hawa wakitaka ua ambalo halijafunguka. Kichwa cha brokoli ni maua machanga, mamia kwa mamia, yamebanana yakisubiri kuchanua. Hilo ningelielewa tangu mwanzo ningejiokoa na mengi, kwa sababu ua halimsubiri mtu.

Mara ya kwanza nilisia mbegu mwezi wa Julai, nikapandikiza mwishoni mwa Agosti. Miche ilikuwa mizuri mno. Majani mapana yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, watu wakipita njiani wanasimama kuuliza. Vichwa vikaanza kujitokeza Oktoba, na hapo nikapata huzuni yangu ya kwanza. Vilikuwa vidogo kama kishungi cha kitambaa, vikiwa vimeachana achana, na kabla sijajua nifanye nini vikafunguka maua ya njano. Nyuki walifurahi sana. Mimi sikupata hata sufuria moja.

Sababu yake ni joto. Mmea huu unafunga kichwa vizuri hewa ikiwa kwenye nyuzi joto 15 hadi 20 hivi, na ukipigwa na joto la 27 na zaidi kwa siku nyingi mfululizo wakati kichwa kinajijenga, unaona heri utoe maua upesi. Sisi hapa tuna bahati kidogo, kwa kuwa ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hatuchemki kama watu wa pwani. Lakini Septemba na Oktoba Mwanza ni moto, na mawe yetu haya makubwa yanakaa na joto la mchana hadi usiku wa manane. Bustani yangu ina jiwe kama nyumba upande wa magharibi. Miche iliyokuwa karibu nalo ndiyo iliyochanua mapema kuliko yote.

Mwaka uliofuata nikageuza kalenda. Nikasia katikati ya Aprili, kitalu kikiwa chini ya kivuli cha nyasi ili mvua isiipige mbegu, nikapandikiza katikati ya Mei mvua zikiwa zinakatika, vichwa vikafunga Julai. Ndio wakati usiku wetu unashuka hadi nyuzi 16 hivi na upepo wa ziwani unakufanya utafute kanga ya pili. Mchana jua ni kali vilevile, ila ule ubaridi wa usiku unatosha. Nilinunua pia mbegu chotara ambayo muuzaji wa pembejeo aliniambia inastahimili joto. Ni ghali, pakiti ndogo kabisa unailipia kama kilo ya nyama, lakini tofauti niliiona.

Nieleze udongo kidogo, kwa sababu wengi wa Mwanza tunao huu huu. Ni ule ambao Wasukuma wanauita luseni, mchanga uliosagika kutoka kwenye mawe, na maji yanapita humo kama kwenye chujio. Brokoli ina njaa kubwa. Kila mita moja ya mraba niliipa debe la samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, nikachanganya wiki tatu kabla ya kupandikiza. Mche hadi mche nikaacha sentimita 45, mstari hadi mstari 60. Baada ya wiki tatu nikaongeza kijiko cha chai cha mbolea ya dukani iitwayo CAN kuzunguka kila mche, mbali kidogo na shina. Hapo nilikosea kwenye mistari miwili: nilipoona inapendeza nikaongeza tena na tena, na nilipokuja kukata vichwa vyake nikakuta shina lina tundu katikati kama bomba. Mmea ulikuwa umekimbia kuliko nguvu zake. Tundu hilo linaweza pia kuletwa na ukosefu wa boroni, ambayo kwenye udongo wa kichanga huoshwa na mvua. Siku hizi nikiona limeanza kuwa na rangi ya kahawia ndani, msimu unaofuata nayeyusha kijiko kimoja cha chakula cha boraksi kwenye keni ya maji, nainyunyizia eneo la mita za mraba 9. Hapo usizidishe hata kidogo. Boroni ikizidi inakuwa sumu kwa mmea.

Matandazo niliyapata bure. Magugu maji, yale yaliyolivamia ziwa letu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, yanasukumwa na upepo hadi ufukweni, watu wanayalaani. Mimi nayavuta, nayaanika juani siku kadhaa mpaka yakauke kabisa, ndipo nayatandaza kati ya miche. Yakiwa mabichi yanashika tena mizizi kwenye tuta lenye maji, kwa hiyo usiwe na haraka. Kuna tahadhari nyingine ambayo naisema kwa uzito, maana nimeugua: usiingie ziwani miguu mitupu kuchota maji au kuvuta magugu. Kichocho kiko, na kinaingia kupitia ngozi. Mimi nilitibiwa nikapona, lakini sasa kuna buti za mpira nyuma ya mlango wangu, na hakuna mjukuu anayeruhusiwa kushika ndoo bila kuzivaa. Halafu kuhusu kulima ukingoni kabisa mwa maji kwa kuwa pana unyevu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Bustani yangu iko juu zaidi ya hapo. Ninabeba maji, au kijana ananipandishia kwa pampu, na nayamwaga shinani, siyo juu ya kichwa.

Suala la kumwagia shinani siyo la kuokoa maji peke yake. Maji yanayoruka ruka kwenye majani ndiyo yanayosambaza uozo mweusi, ule ugonjwa unaoanza na pembe ya njano ukingoni mwa jani, imechongoka kama herufi V, halafu mishipa ya jani inakuwa myeusi. Halafu kuna wale vijidudu vya ziwani vinavyopanda kutoka majini kama nguzo ya moshi. Anayeishi hapa anavijua. Vikitua jioni kwenye kichwa cha brokoli kilicholowa, vinanasa kwenye vitumba na kufia humo, na kuvitoa ni kazi.

Viwavi ndio waliokaribia kunishinda. Kuna nondo mdogo wa kijivu, ukimtazama amekunja mbawa ana alama kama almasi mgongoni, na kiwavi wake ni wa kijani, mwembamba, ukimgusa anajinyonganyonga kurudi nyuma kisha anajining'iniza kwa uzi. Katika joto letu kizazi kimoja hakimalizi wiki tatu. Nilipiga dawa ya dukani kila Jumamosi, nikabadilisha nikapiga nyingine, wakazidi. Huyu mdudu anajulikana duniani kote kwa kuzizoea dawa. Kilichonisaidia ni kugeuza majani asubuhi na jioni na kuwaponda kwa vidole, kunyunyizia maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha, na zaidi ya yote kutopanda jamaa ya kabichi mahali palepale mwaka unaofuata. Tuta lililokaa brokoli likishapumzishwa kwa maharage, mahindi na vitunguu, viwavi wanapungua. Hawaishi, wanapungua.

Sasa nije kwenye siku tisa zile.

Nilikuwa nimepandikiza miche 120 kwa siku moja. Naomba hili lisomwe polepole, kwa kuwa hilo ndilo kosa lenyewe, mengine yote yalikuwa matokeo. Nilikuwa na fikra za dagaa wa jumla: mzigo mkubwa, bei nzuri, maliza. Hoteli ilikuwa imeahidi kuchukua vichwa 60. Mbegu chotara nazo zina tabia ya kukomaa pamoja kama askari waliopigiwa filimbi. Miche 8 ilikufa, 112 ikafunga vichwa, na ilipofika wiki ya tatu ya Julai, vyote vikasema sasa. Hoteli ikapata wageni wachache, ikachukua 15. Nikapeleka vingine sokoni Kirumba, nikakaa navyo toka asubuhi. Akina mama walikuwa wanavishika, wanavigeuza, wananiuliza vinapikwaje, wanavirudisha. Niliuza 11.

Vilivyobaki nikavirudisha nyumbani kwenye tenga, nikalisogeza tenga kivulini jikoni, pembeni ya mkungu wa ndizi zilizokuwa zinaiva. Kesho yake asubuhi nikakuta vimekuwa vya njano. Siyo kidogo, njano kabisa. Baadaye ndipo nilipoelewa: brokoli iliyokatwa inaendelea kupumua kwa nguvu kuliko mboga nyingi, inajila yenyewe, na kwenye joto la kawaida la nyumba siku mbili zinatosha kuimaliza. Ndizi zinazoiva nazo, hata nyanya zilizoiva, zinatoa hewa inayoisukuma iwahi zaidi. Kwenye friji, ikiwa kavu na imefungwa vizuri, inakaa wiki moja hadi mbili. Friji yangu ilibeba vichwa kumi ikajaa.

Kwa hiyo nikakimbilia friza. Dada yangu wa Buhongwa anauza sangara na ana friza kubwa, akanipa nafasi. Nikakata vichwa 30 kwa pupa, nikavigawa kwenye vyombo vya plastiki vyenye vifuniko, nikavisukuma ndani vikiwa vibichi. Niliona nimeyamaliza. Baada ya wiki sita tukafungua kimoja tupike siku ya Idi. Rangi ilikuwa imefifia, ukishika inalegea kama kitambaa kilicholowa, na harufu ilikuwa ya kabichi lililosahaulika. Tulimwaga chote.

Lakini nirudi nyuma kidogo: siku zile za mavuno mama yangu alikuwa amekuja kutoka Kwimba. Ana miaka zaidi ya 80, na macho yake ni mazuri kuliko yangu. Alinikuta nimekaa uani na tenga la vichwa vya mwisho, baadhi vimeanza kuchanua.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma.

Akaitikia, akaketi, akachukua kichwa kimoja akakivunja vunja, akanusa. Akaniuliza kama hii inaliwa. Nikamwambia inaliwa, lakini haisubiri. Akanitazama kwa mshangao.

"Wewe umekula michembe tangu hujaota meno. Viazi tulikuwa tunavila vyote Juni?"

Nikasema hapana, mama.

"Basi umekaa hapo unalia nini? Washa moto."

Msomaji asiye wa huku pengine hajui. Wasukuma wana njia mbili za zamani za kuhifadhi viazi vitamu. Michembe ni viazi vilivyokatwa vipande vikiwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Halafu kuna nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo yanaokoa nyumba nyingi wakati wa kiangazi, yakipikwa kwa karanga. Mama alipokuwa akitengeneza nsansa yake aliyapitisha majani kwenye maji yanayochemka kwanza. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni kuyasafisha tu. Siku ile nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Ukiyaanika mabichi, yanaendelea kuzeeka huko huko kwenye ungo. Maji ya moto yanayasimamisha."

Hilo ndilo lililokuja kuniua kwenye friza ya dada yangu. Ndani ya mboga kuna vimeng'enya, vitu vinavyoendesha kukua na kuzeeka kwake, na baridi haiviui, inavipunguza mwendo tu. Wiki sita ni muda mrefu wa kutosha kwao kuharibu rangi, ladha na harufu. Maji ya moto ya dakika chache ndiyo yanavizima. Mama hajui neno vimeng'enya, lakini alikuwa ameshalijibu swali langu kabla sijazaliwa.

Tangu hapo nafanya hivi, na sijatupa tena vichwa vibichi. Ninakata asubuhi na mapema, umande bado upo, kisu kikiwa kikali, kwa mshazari ili maji yasituame juu ya shina lililobaki. Nakata wakati vitumba bado vimebana. Nikiona hata kimoja kinaonyesha njano, leo ndiyo mwisho. Nakitumbukiza kila kichwa kwenye beseni la maji ya chumvi, vijiko vinne vya chai kwa lita nne za maji, nusu saa. Viwavi na vile vijidudu vya ziwani vinaelea vyenyewe. Nasuuza, nakata vitawi vyenye upana usiozidi sentimita nne, na shina nalimenya gome nalikata vipande, kwa sababu ndani ni tamu na laini na sielewi kwa nini watu wanalitupa. Lita nne za maji zikiwa zinatokota nazitia nusu kilo, siyo zaidi, ili maji yarudi kuchemka haraka. Yakichemka tena nahesabu dakika tatu. Hapa kwetu maji yanachemka karibu nyuzi 96 kwa sababu ya mwinuko, lakini kwa kazi hii dakika tatu zinatosha. Wanaoishi juu zaidi ya mita 1,500 ndio wanaoongeza dakika moja.

Zikiisha tatu, natoa zote kwa mpigo na kuzitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi sana, dakika tatu nyingine. Bila hivyo zinaendelea kujipika. Hapa watu wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, watasema barafu ipo tele, na kweli ipo, magari yanaishusha kila siku kwa ajili ya sangara. Usiitumie. Ile ni barafu ya samaki, imekanyagwa, imeburutwa, hujui maji yake yametoka wapi. Mimi nachemsha maji, nayajaza kwenye chupa, nayagandisha siku moja kabla, na chupa zenyewe nazitosa kwenye ndoo zikiwa zimefungwa. Baadaye nachuja vizuri mpaka hazidondoki, nazitandaza kwenye sinia zigande moja moja kwa saa mbili tatu, ndipo nazipakia kwenye vyombo. Zikikaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri zinafika miezi kumi bila tatizo, na rangi inakuwa ya kijani kuliko zilipokuwa shambani.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa na kufungwa inaweza kuhifadhi ubaridi kama saa 48, iliyojaa nusu ni kama saa 24. Nilikuwa na tabia ya kufungua kila baada ya saa moja kuangalia hali, na kila nilipoangalia ndivyo nilivyoiharibu. Sasa nikiwa na nafasi ndani najazia chupa za maji.

Lakini friza si ya kila nyumba, na bili ya umeme inajulikana. Kwangu mimi kukausha ndiko kulikobadilisha hesabu, na hapo vichanja vyangu vya dagaa, vilivyokuwa vimelala nyuma ya choo vikiota kutu, vikarudi kazini. Nilivifua kwa brashi na sabuni, nikaweka wavu mpya kabisa, maana harufu ya dagaa haina msamaha. Brokoli ya kukausha naikata ndogo zaidi, kama punje ya ubuyu hadi ncha ya kidole gumba, naipitisha kwenye maji ya moto vile vile, nachuja, natandaza tabaka moja bila kubanana. Juu nafunika kwa chandarua safi ambacho hakijawahi kutiwa dawa.

Kitu kimoja ilibidi nikisahau kutoka kwenye dagaa: jua la moja kwa moja. Dagaa anataka jua la utosi. Brokoli ukiianika hivyo inapauka kama majani makavu, na vitamini nyingi zinaondoka na jua. Kichanja nikakihamishia chini ya mwembe, upande unaopata upepo wa ziwani, na upepo ndio unaokausha. Julai na Agosti, hewa ikiwa kavu, siku mbili zinatosha, tatu nikiona haijavunjika vizuri. Usiku naingiza ndani, umande usirudishe maji yaliyotoka. Iko tayari pale kitawi kinapovunjika kwa kishindo kati ya vidole. Ikipinda, bado. Sehemu tisa kati ya kumi za brokoli ni maji, kwa hiyo kilo nzima inakuachia gramu 100 hivi, na mara ya kwanza utasikitika ukiona tenga limekuwa gudulia moja. Usisikitike, kilichoondoka hasa ni maji.

Kabla ya kulifunga kabisa, naliacha gudulia wiki moja nikilitikisa kila siku na kulitazama upande wa ndani wa kioo. Nikiona tone la unyevu, yote inarudi kwenye kichanja. Kuna mwaka nilipuuza tone moja, nikapata ukungu wa kijivu katikati ya akiba ya nyumba nzima.

Nimeulizwa mara nyingi kama naweza kuiweka kwenye chupa na maji yake, kama nyanya za dukani. Jibu langu ni hapana, na nawaomba watu wasijaribu. Brokoli haina uchachu wa kulinda chakula, na ndani ya chupa iliyofungwa bila hewa kuna bakteria, Clostridium botulinum, ambao mbegu zao haziuawi na maji yanayochemka tu, na sumu yao inaua. Inahitaji mtambo maalumu wa mvuke wa shinikizo, na hata wenye mtambo huo wanasema brokoli inatoka imebadilika rangi na ina harufu kali. Kwenye siki kali, kwa kachumbari ya kuweka kwenye friji, sawa, nimetengeneza mara mbili na wajukuu walipenda.

Jambo lililonishangaza kuliko yote lilitoka shambani, siyo jikoni. Nilipokata vile vichwa 112 nilidhani mche umemaliza kazi, nikang'oa nusu yake nikapanda mchicha. Nusu nyingine sikuwa na nguvu ya kung'oa kwa huzuni niliyokuwa nayo. Baada ya wiki mbili, kwenye kila kwapa la jani, vikachomoza vichwa vidogo, ukubwa wa kidole gumba hadi yai. Nikavikata, vikaota vingine. Nilikula na kukausha machipukizi hayo kwa wiki sita, mpaka joto la Septemba liliponipiga tena. Na majani, yale ya chini yaliyokuwa bado laini, nikayakata nikayapika kwa kitunguu na nyanya kama sukuma wiki. Mume wangu alikula sahani mbili kabla sijamwambia ni nini. Kwa kifupi nilikuwa nimetupa karibu nusu ya shamba na kujililia kwa nusu nyingine.

Sasa sipandi tena 120. Kuanzia Aprili nasia mbegu 25 kila baada ya siku 14, mara nne, na kabla sijafungua pakiti nahesabu kwanza: friza ina nafasi ya vyombo vingapi, magudulia matupu ni mangapi, hoteli imelipia nini. Kulipia, siyo kuahidi. Ninapanda kulingana na hivyo na siongezi hata mche mmoja, hata jirani akinipa miche bure. Vichwa vinavyokomaa kwa wiki ni kumi na tano, ishirini, na mikono yangu miwili pamoja na sufuria moja inavimudu vyote siku ile ile vilipokatwa.

Januari iliyopita mama alikuwa kwangu tena. Mboga mbichi zilikuwa hazishikiki bei. Nikachukua viganja viwili vya brokoli kavu, nikailoweka kwa maji ya moto nusu saa, nikaipika kwa karanga zilizotwangwa na dagaa wachache waliokaangwa, nikasonga ugali. Alikula kimya, anavyokula siku zote. Alipomaliza akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja. Hii nsansa yako ni nzito. Mwakani uniwekee gudulia langu peke yangu, niondoke nalo Kwimba."

Nimeshalitenga. Ni lile kubwa lenye mfuniko mwekundu, na miche yake iko kwenye kundi la pili la Mei.